Saa Tatu Kasoro Dakika Sita

Kila usiku wa mchezo, saa tatu kasoro dakika sita,
televisheni ilituinamia kwa adabu, ikatufungia mlango.
Mtangazaji, Bwana Hatakeda, mwenye sauti ya chai iliyopoa,
alisema: "Muda wetu umekwisha. Tunaomba radhi. Usiku mwema."
Hata kama vituo vyote vitatu vimejaa.
Hata kama mrushaji ameshainua goti
na mpira bado uko mkononi mwake, mweupe kama jino la mtoto.
Kisha tangazo la sabuni.

Baba hakutukana. Alikuwa mkulima wa matufaha huko Aomori,
amezoea vitu vinavyokatika kabla ya kuiva:
ua kwa jalidi ya Mei, tunda kwa kimbunga cha Septemba.
Alivaa ndara, akatoa funguo msumarini,
akaenda kukaa ndani ya pikapu, uani, gizani,
maana redio ya gari ndiyo pekee iliyonasa mawimbi
yaliyoruka milima.

Nilimfuata. Nilikuwa na miaka tisa.
Kiti kilinuka dawa ya wadudu na maganda ya chenza.
Besiboli ilikuja vipande vipande, kama barua iliyolowa:
"...anatikisa kichwa... anatazama nyuma..."
halafu Mrusi fulani kutoka ng'ambo ya bahari akaingilia,
akisoma bei za samaki, labda, au hotuba.

"Tokuji, toka. Shika antena. Usipumue."

Nikashika. Mwili wangu ukawa waya.
Ila nje sikusikia chochote,
vioo vimefungwa kwa ajili ya mbu.
Nilimwona Baba tu, na taa ya kijani ya dashibodi kidevuni mwake,
na hiyo ndiyo ikawa televisheni yangu:
nyusi zikipanda, mpira umeenda juu.
Mdomo ukikazwa, wametolewa wawili.
Mama dirishani aliuliza kwa mkono, vipi?
Nami nilimjibu kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini,
naye akampigia Bibi kelele ndani: "Bado!"

Agosti ile, Korongo walikuwa nyuma kwa pointi moja.
Wawili wametoka, vituo vimejaa,
mpigaji ni Munakata, nambari thelathini na moja,
mipira mitatu nje, mikwaju miwili hewani.
Hapo ndipo Bwana Hatakeda alipotuaga.

Nilisimama na antena mpaka vidole vikafa ganzi.
Uso wa Baba ukatulia kama maji ndani ya karai.
Ghafla akaupiga usukani kwa viganja vyote viwili,
honi ikalia, mbwa wakaitikia hadi hekaluni,
naye akabaki ameinama, paji la uso juu ya usukani,
mabega yakitikisika.

Kicheko? Kilio?
Alipotoka alisema tu: "Kesho tupalilie upande wa kaskazini."
Sikuuliza. Bibi alingoja jibu, akasinzia.

Siku hizi wanaonyesha kila kitu.
Kamera kumi na mbili. Mshono wa mpira unahesabika.
Mchezo unafuatwa hadi mwisho, na baada ya mwisho
mshindi analetewa kipaza sauti angali anahema.
Katika nyumba ya wazee kioo ni kipana kuliko mlango wetu wa zamani,
na Baba hukaa mbele yake akila tufaha lililomenywa na mtu mwingine.

Jana, saa tatu kasoro dakika sita,
mchezo ukiendelea, mrushaji akiwa palepale kilimani,
Baba aliinuka.
Akatafuta ndara kwa unyayo.
Akapapasa ukuta, mahali usipokuwa na msumari.
Muuguzi, Bi Sawako, alisema, "Mzee, hawajamaliza, keti."
Baba akamtazama kwa huruma, kama mtu asiyejua mambo.

Nikampeleka kwenye maegesho.
Nikamketisha, nikawasha taa ya ndani, nikafunga mlango.
Gari langu halina antena.
Nikasimama pembeni, nikainua mkono.

Akanitazama kupitia kioo, kwa muda.
Kisha kwa kidole:
kushoto. Kushoto kidogo.